Bi Futi na Miguu ya Mota

Asubuhi ile Bi Futi hakumpenda mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya ngazi za nyumba yake, amefungwa lile dude: mkanda mpana kiunoni, mota mbili nyongani, na vyuma viwili vilivyoshuka mapajani hadi karibu na magoti. Kituo cha mazoezi ya viungo kilikuwa kimemwazima kwa mwezi mmoja. Wazee wengine waliovishwa dude kama hilo walikuwa wakienda sokoni na kurudi, wakijisifu. Yeye lilimsukuma tu. Akiinua mguu, mota inangoja. Akishakanyaga, ndipo linamtupa mbele kama mlinzi anayemtoa mtu mlangoni.

"Pumbavu," aliliambia, na si mara ya kwanza.

Jina la Bi Futi alipewa na wateja, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni miaka hamsini, harusini wala msibani. Alishona kwa cherehani moja kwenye chumba cha juu, chenye madirisha mawili na mwanga wa kutosha kutunga uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nyumba aliijenga kwa cherehani hiyohiyo, na mwanawe wa pekee akasomeshwa na cherehani hiyohiyo mpaka akawa bwana mkubwa wa ofisini anayevaa suruali za dukani. Hilo la suruali lilimkata maini kuliko yote.

Mwaka uliopita aliteleza ngazini akaumia nyonga. Kabla hata hajatoka hospitali, mwanawe alifunga chumba cha juu, akatia ufunguo mfukoni. Waligombana wiki nzima, mpaka mke wa mwanawe akahamia kwa mama yake kwa muda apumzishe masikio. Mwishowe, dude lilipoletwa, mwana akasema, "Mama, siku utakayopanda ngazi hizi bila kushikwa, nakupa ufunguo. Ila mwezi wa mashine ukiisha hujapanda, habari ya chumba tusiisikie tena."

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Katika mwezi mzima hakuwahi kuvuka ya tano. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Fundi wa kituo alifika saa nne kulichukua dude lake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kipara na miwani, na Bi Futi alimchukia tangu siku ya kwanza, alipokuja na futi yake mkononi. Siku hiyo alimwangalia kuanzia kiparani hadi viatuni. "Weka hiyo mbali," alimwambia. "Nimepima maharusi kabla wewe hujajua kufunga vifungo. Lete karatasi." Akajipima mwenyewe, akaandika mwenyewe. Fundi aliporudi wiki ya pili akitaka kuhakikisha vipimo, alimfukuza kwa ulimi mpaka getini.

Leo aliyeanza alikuwa mwana. Alimfuata fundi barazani, kidole kikiwa usoni mwa mwenzake.

"Mashine yenu imetaka kumuua mama yangu. Mara tatu nimemdaka. Kesho naandika barua kwa mkuu wenu, na wewe kazi huna."

"Bwana, mimi nililifunga kwa kufuata vipimo nilivyopewa," fundi alisema, akitoa karatasi kwenye mkoba. "Ni hivi hapa."

"Hujui kupima, sema hujui."

Bi Futi alinyoosha mkono akaipokea karatasi. Kiuno. Nyonga. Paja. Nyonga hadi goti. Mwandiko ni wake. Akaivuta futi shingoni, akajizungushia pajani palepale, juu ya gauni, akalinganisha na karatasi.

Alikuwa ameongeza. Inchi mbili kila mahali, kama alivyowaongezea wateja wote maisha yake yote, ili nguo isibane, ili mtu aweze kukaa na kula. Mkono uliandika wenyewe, kwa mazoea, bila kumwuliza. Alijipimia suruali. Ndiyo maana mkanda ulikuwa unashuka na vyuma kumfikia magotini, na mota kusukuma mahali ambapo mguu wake haupo.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Akisema, mwanawe atapata neno alilolitafuta mwaka mzima: mama hajui tena hata kupima. Akinyamaza, huyu mwenye kipara atakosa kazi kwa kosa la mshonaji. Alimtazama fundi kwa hasira, maana ilimuudhi kumwonea huruma.

"Vipimo ni vyangu," alisema. "Niliongeza nafasi ya nguo. Yeye hana kosa."

Mwana aligeuka polepole. "Unaona sasa, Mama? Unaona mwenyewe? Na bado unataka kushona nguo za watu."

"Nimekusikia. Wewe kipara, punguza inchi mbili. Kote."

Fundi alipiga magoti, akafungua skrubu, akapandisha vyuma matundu mawili, akakaza mkanda mpaka Bi Futi akaguna. Haikuchukua hata dakika kumi. Mwezi mzima wa matusi, na dawa yake ilikuwa dakika kumi.

Akasimama. Akainua mguu, na mguu ukainuka. Alijikaza kisabuni: ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, jasho likimtiririka mgongoni. Mwana alimfuata nyuma akisema, "Mama, shuka kwanza tuongee." Aliposema hivyo mara ya tatu, Bi Futi alikuwa mlangoni, mkono umenyooshwa.

"Ufunguo."

Mwana akautoa mfukoni, akafungua. Ndani palikuwa na makochi mapya na televisheni pana kama mlango. Pale dirishani, kwenye sakafu, zilibaki alama nne za miguu ya cherehani.

"Iko wapi?"

Mwana alitazama viatu vyake. "Iko kwa mama mkwe. Alitaka kitu cha kujishughulisha nacho."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa hospitali. Nani angejua kama utapanda, Mama?"

Bi Futi aliketi kwenye kochi, akafungua mkanda, akavua vyuma kimoja kimoja, akamkabidhi fundi aliyekuwa anahema mlangoni.

"Mpelekee mwingine anayengoja. Na umpime wewe."

Miguu yake, bila lile dude, ilikuwa myembamba na isingefika popote. Aliivuta juu ya kochi jipya pamoja na viatu.

"Mama, sasa utashukaje?"

"Sishuki. Kaichukue kwa mama mkwe wako, uibebe mwenyewe, uipandishe ngazi hizo zote. Nitakuwa hapahapa."

Mwana akashuka kutafuta ufunguo wa gari.