Pa Kulima na pa Kupanda

Sababu ya safari hii ni kopo la samli. Nyinyi mliobaki Rumonge mliniona siku ile nikipanda mashua ya kwenda Kigoma nimelikumbatia kopo hilo, na wengine mkacheka. Ndani mlikuwa na mbegu saba za mchikichi. Alinipa mkwe wangu. Ndoa yangu na Zuhura ilikuwa imekwisha kufungwa, lakini baba yake alikataa nisafiri naye. Alisema: "Nyumba hata mlevi hupanga. Usiniandikie kwamba umepata nyumba. Niandikie umepanda mbegu hizi, nami nitamleta Zuhura mpaka Kigoma kwa mkono wangu."

Basi nikafika Dar es Salaam, nikapata kazi ya cherehani barazani pa duka moja la nguo, Kariakoo, na chumba cha kupanga uani. Kodi ya chumba ilikula karibu nusu ya nilichopata. Ua wenyewe haukuwa na udongo mtupu wa kutosha kutandika mkeka. Mbegu nilizifukia kwenye kopo lile lile, zikakaa mwaka mzima kimya, kisha tatu zikaota. Mama mwenye nyumba alizipita kila asubuhi akiuliza, "Fundi, hiki kichaka chako kitahama lini?" Mizizi ilipoanza kuchungulia kwenye matundu ya chini ya kopo, nikaona sina muda tena. Ama nipate mahali mwezi ule, ama miche ife, na Zuhura abaki kwa baba yake.

Jumatatu asubuhi niliomba ruhusa ya juma moja. Muuza mkaa mmoja aitwaye Shomari, mtu wa Kongowe kule Kibaha, alikuwa ameniambia mjomba wake ana ardhi ya kugawa na hana tamaa. Nikapanda naye lori lililokuwa likirudi tupu kuchukua mkaa, nikaketi juu ya magunia matupu na kopo langu kati ya miguu. Barabara ya Morogoro ilikuwa vumbi tupu. Tulipoteremka Kongowe, Shomari na mimi tulikuwa weusi usoni kama tumetoka katika tanuri, na watoto walitukimbia.

Kongowe, adhuhuri. Mjomba wake Shomari, Mzee Kondo, tulimkuta akiezeka paa la banda kwa makuti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mjini?"

"Nzuri, mzee. Natafuta mahali pa kukaa. Pwani, lakini pasiponishinda bei."

Akashuka taratibu, akanawa mikono. Nikamuuliza, kwa mzaha wa mgeni, hii ni pwani gani ambayo bahari yake haionekani hata ukipanda mti.

"Pwani ni sisi," akasema. "Bahari ni maji tu."

Nikampenda palepale. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, kando ya njia, akanionyesha kipande kizuri chenye udongo laini. "Hapa ulime," akasema. "Utajenga banda lako pale. Bei sina. Ukivuna utaniletea chochote, ukikosa pia sitakuuliza." Sikuamini masikio yangu. Mwaka na zaidi natoa kodi kwa chumba chenye dari iliyotoboka, na huku napewa shamba bure kwa sahani ya kisamvu!

Alasiri ile ile, kwa furaha, niliazima jembe nikachimba mashimo matatu kwenye kona ya kipande changu. Nikapanda miche yangu, nikaimwagilia. Watu walipita njiani wakanisalimu, "Kazi njema, fundi," nami nikaitikia. Nililala nikiitunga barua ya mkwe kichwani, mstari kwa mstari.

Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, nilisikia kinu kimeacha kutwangwa. Nikatoka. Mzee Kondo alikuwa amesimama mbele ya michikichi yangu pamoja na ndugu zake wawili, na hakuna aliyenitazama.

"Nani amekwambia upande?" akaniuliza.

"Wewe mwenyewe, mzee. Si umenipa shamba?"

"Nilikupa pa kulima. Sikukupa pa kupanda."

Nikadhani ni maneno ya kuchezea tu. Kwetu mtu akilima si amepanda? Nikamwambia hivyo, tena kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia kwa mtu wa umri wake. Ndugu yake mmoja akasonya. Mzee Kondo yeye hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Mahindi ukiyavuna umemaliza. Muhogo ukiung'oa umemaliza. Mti haumalizi. Wewe utakufa, mwanao atakuja kwa mwanangu, atasema, huu ni mti wa baba. Na chini ya mti kuna nini? Si ardhi? Mgeni akitaka kula, tunampa alime. Akitia mti ametia mkono."

"Mbona jana mliniona nachimba mkanyamaza?"

"Tulidhani unachimbia nguzo za banda."

Shomari, aliyekuwa nyuma yao, alijiziba mdomo asicheke. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mzee Kondo mwenyewe akachutama, akaichimbua miche yangu kwa mikono, pamoja na udongo wake, asikate mzizi hata mmoja. Akairudisha kwenye kopo na kufunika juu kwa jani la mgomba lililoloweshwa. Akasema naweza kukaa na kulima hata miaka ishirini, nitakuwa mtu wao, ila mti hapana. Nilimshukuru kwa midomo tu. Uji uliokuwa umepikwa kwa ajili yangu niliuacha nusu bakulini, jambo ambalo naliona aibu mpaka leo.

Njiani kwenda Mlandizi, kwa miguu, shetani alinijia na hoja nzuri. Je, si nimepanda? Miche imelala ardhini usiku kucha. Nikimwandikia mkwe wangu "nimepanda," nitakuwa nimesema uongo gani? Niliitembeza hoja hiyo maili kadhaa, na kila nilipoitazama ilikuwa nzima. Kilichonishinda ni kumfikiria Zuhura akiteremka kwenye gari moshi na vyombo vyake, akiuliza michikichi iko wapi, nami nikimwonyesha kopo.

Ruvu, Jumanne jioni na Jumatano. Karibu na mto nilimpata mtu mwenye kipande cha kuuza, bei ya kuridhisha, na nilipomuuliza habari ya kupanda miti akasema nipande hata msitu. Udongo ulikuwa mweusi, wa kunona. Nilikuwa karibu kukubali. Kisha nikaona kwenye ukuta wa nyumba yake mstari wa matope, umenyooka vizuri, usawa wa kifua changu.

"Na huu mstari?"

"Aa, huo ni wa mwaka jana," akasema, kama mtu anayeeleza habari ya chokaa. "Mwaka juzi ulikuwa chini kidogo."

Nikamshukuru. Usiku ule nililala kwake, kama kulala ni kupigana na mbu, na Jumatano nikaenda stesheni ya Ruvu kungoja gari moshi la kushuka.

Pugu, Alhamisi. Gari moshi lilichelewa, likanifikisha Pugu siku ya pili yake asubuhi. Nikaona nijaribu Kisarawe, juu ambako mafuriko hayafiki; kutoka stesheni hadi huko ni mlima. Si mlima kama milima yetu ya Urundi, lakini kwa mtu mwenye kopo la udongo mikononi unatosha. Hewa ilipoa kadiri nilivyopanda. Juu nikaona boma, makarani wakiingia na kutoka, matarishi na sare zao, na baadhi ya sare hizo zimepasuka begani. Fundi cherehani hawezi kuona mshono uliofumuka asifurahi. Nikajiambia hapa kazi ipo, na mjini ni karibu, mtu anaweza kwenda na kurudi.

Lakini jua lilikuwa limeunguza lile jani la Mzee Kondo, na mche mmoja ulikuwa umelala ubavu. Nyumba ya kwanza yenye mtungi barazani nikabisha hodi. Mama mmoja wa makamo, mjane kama nilivyojua baadaye, alikuwa ameketi mkekani anasuka ukili. Jina lake Bi Mwantumu.

"Shikamoo, mama. Naomba maji."

"Marahaba. Karibu, baba."

Akanipa maji kwenye kata. Nikayamimina yote kwenye kopo. Akaacha kusuka.

"Wewe midomo imekupasuka, na maji unampa huyo?"

"Huyu anaweza kufa, mama. Mimi bado kidogo."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akaniletea kata ya pili, akasimama kuhakikisha nimeinywa. Kisha akataka habari yote, nami nikampa yote: mkwe, kopo, Kongowe, hata uji nilioacha. Kufika pale aliguna.

"Kwa hiyo unatafuta nini hapa kwetu?"

Safari hii nilikuwa nimejifunza. Nikamuuliza: "Mama, mgeni hapa hupewa pa kulima, au pa kupanda?"

"Hilo swali wageni hawalijui," akasema. "Wa kulima nimekwisha kuwapa watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Mvua ikikatika wanaondoka. Wanangu wawili wako mjini, hawarudi ila kwenye msiba. Mwezi uliopita nilianguka kando ya kisima, nikaita mpaka sauti ikakauka. Aliyekuja ni mbuzi."

Alisema hivyo bila kujihurumia.

"Watu wa kulima sina haja nao tena. Mimi nataka mtu asiyeweza kuondoka. Nikiita, aitike. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

"Basi huyu mti wako unazaa nini?"

Nikamweleza habari ya mawese. Akauliza kama yanashinda tui la nazi. Nikamwambia ukweli, kwamba kwetu yanashinda. Akasema hilo tutalijua likifika.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, Bi Mwantumu aliwaita jumbe na majirani wanne. Hakutaka nipande peke yangu kama nilivyofanya Kongowe. Alitembea mbele na kijiti, akachora mpaka kutoka mnazi wake wa mwisho hadi kwenye njia ya kisimani, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Kutoka hapa mpaka hapa, huyu Rajabu nimempa pa kupanda." Jumbe akarudia maneno yale. Majirani wakasema wamesikia. Ndipo nikapewa jembe. Bei tuliyopatana ilikuwa ndogo, ya kulipa kidogo kidogo, na juu yake nimshonee Bi Mwantumu nguo zake za Idi kila mwaka maadamu yuko hai. Nikaifukia miche yote mitatu, wote wakitazama.

Jumamosi nilishuka Pugu, nikapanda gari moshi la mjini, kopo tupu mkononi. Mama mwenye nyumba aliniuliza kichaka kimekwenda wapi. Nikamwambia kimehama, na mimi nakifuata. Usiku huo barua ya mkwe haikuwa na mistari mizuri niliyoitunga Kongowe. Iliandikwa: "Nimepanda mbele ya watu. Mlete."

Alimleta. Zuhura alipofika Kisarawe alizunguka nyumba mara mbili akauliza bahari iko wapi. Nikamwambia pwani ni sisi, bahari ni maji tu. Akasema hayo maneno si yangu, na kweli. Mche mmoja ulikufa mwaka ule ule, miwili ikashika. Mzee Kondo nilimshonea kanzu, nikampelekea Kongowe mwenyewe, nikakaa nikanywa uji bakuli zima. Bi Mwantumu ameniita mara nyingi, zaidi kwa sababu ya mbuzi kuliko ya hatari, na kila mara nimeitika.

Mkiniuliza nilichojifunza, ni hiki: mtu anayetafuta mahali rahisi asiulize bei tu. Aulize anapewa akae mpaka lini. Na anayempa asimwonee haya kumwambia.

Niliamini kuwa haya nimeyaelewa. Kisha mwezi uliopita alikuja kijana wa Kiha, kutoka kule Kigoma, mwenye adabu, amechoka kwa njia, akaomba kipande upande wa chini wa shamba langu. Nilimkaribisha, akala, nikampeleka kumwonyesha. Pale nikasikia mdomo wangu unasema: "Hapa ulime, mwanangu. Habari ya miti, hapana."

Zuhura alikuwa anaanua nguo, akageuka.

"Karibu, Mzee Kondo," akaniambia.

Nilicheka, na yeye akacheka. Lakini jibu langu sikulibadilisha.