Miguu Niliyomrithisha Mwanangu

Mtoto wetu alipoanza kusimama dede, mama mkwe alikuja Kitale kutoka Kabuchai kukaa nasi. Kumwogesha mjukuu ilikuwa kazi yake, na hakutaka msaada wa mtu. Jioni moja alimtoa kwenye karai, akamsugua vizuri kwa taulo. Asubuhi nyayo za mtoto zilikuwa zimejaa malengelenge.

"Mama, si ungepima maji kwanza?" mume wangu akamwuliza.

Akasema alipima kwa kiwiko.

"Sasa hii ni nini?"

Mama aliishika ile miguu, akaigeuza huku na huku. Mimi nilinyamaza, ingawa jibu nilikuwa nalo ndani ya viatu vyangu.

Baba yangu, kule kwetu Lugulu, alipalilia mahindi alfajiri tu. Jua likichomoza alirudi nyumbani, kwani nyayo zake zilitoka malengelenge kwa joto. Majirani walimwita mvivu. Mimi nilimrithi. Shuleni nilisingizia viatu vipya, na vilipochakaa nikasingizia soksi. Nilipoposwa, shangazi alinionya nifunge mdomo, maana wakwe wakisikia ugonjwa wa ukoo huchimba mpaka kwa babu wa babu. Nikaona ni busara. Tena mimi ni mwalimu wa Kiswahili! Nimewafundisha watoto wa watu kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na aliyekosea maana nikampa sifuri.

Mume wangu alimkataza mamake kumwogesha mtoto. Baada ya siku chache mama alirudi Kabuchai. Tulipomtembelea, mtoto alimkimbilia, naye akaficha mikono nyuma. Niliona, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Malengelenge yaliendelea kutoka, na bibi hayupo. Hatimaye tulikwenda kwa daktari wa ngozi mjini Kitale. Akauliza kama kuna mwingine katika ukoo mwenye shida hiyo. Mume wangu akasema hakuna. Basi, daktari akasema, itabidi akate kipande kidogo cha ngozi ya mtoto kikapimwe.

Hapo ndipo nilipovua viatu. Msinisifu. Nilivivua kwa sababu niliona sindano.

Daktari alizitazama nyayo zangu kwa muda mrefu. Alisema ni ugonjwa wa nadra, wa kurithi, ngozi ya juu haishikamani vyema na ya chini, kwa hiyo hata kusuguliwa na taulo kunatosha. Dawa ya kuuponya hakuna, ila kuna kuutunza: lengelenge litobolewe kwa sindano safi na ngozi yake isibanduliwe, soksi za pamba zigeuzwe ili mshono uwe nje, mtoto akae penye ubaridi. Niliandika yote ili nisimtazame mume wangu.

"Twende Kabuchai," aliniambia mlangoni. "Utamwambia mwenyewe."

Tulimkuta akichambua maharagwe. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kuanzia miguu ya baba. Nilitamani anitukane.

"Kwa hivyo hiyo maji haikuwa moto?"

"Haikuwa moto, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliendelea kuchambua, lakini sasa mikono yake ilikuwa ikitupa mbegu nzima pamoja na mbovu.

"Na mimi nilishatubu kanisani kuwa nilimchoma," akasema. "Mbele ya kina mama wote."