Neno Alilolifupisha Anyesi

Anyesi hakuwa nesi, na alichukia watu walipomwita hivyo kwa kumpamba. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi, mtu wa ndoo, dekio na mashuka, katika hospitali moja ya Dodoma ambayo jina lake tuliache lipumzike. Miaka thelathini na mmoja! Lakini alikuwa na kazi ya pili, isiyoandikwa kwenye barua yoyote ya ajira, na hiyo ndiyo iliyompa kiburi. Alitafsiri. Madaktari walitoka Moshi, Mwanza, hata Pemba, na kina mama waliotoka vijiji vya ndani walikuja na Kigogo chao na Kiswahili cha salamu tu. Basi anaitwa Anyesi, anaegemeza dekio ukutani, anakausha mikono kwenye gauni. Wodini walimbatiza Mama Lugha.

Na alikuwa hodari kweli, tusimnyime haki yake. Ila alikuwa na tabia moja. Daktari akisema maneno kumi, yeye alisema mawili. Aliamini mtu mwenye uchungu hana masikio ya hotuba. Madaktari walimpenda kwa hilo maana foleni ilikwenda, na nyumbani alijisifu kwamba yeye ni chujio la chai, anayeacha majani yabaki juu.

Mwaka mmoja aliletwa Devota, kutoka huko mbele ya Kibakwe, mimba yake ya tatu imekwama. Alikuwa amekwisha kupasuliwa mara mbili. Mtoto wa kwanza hakuishi, wa pili alibaki kijijini na baba yake, Sila, ndiyo sababu Sila hakuwapo siku ile. Daktari Castory alitazama makovu, akaona kizazi kimechoka, na kwamba mimba nyingine ingeweza kumuua. Alisema mengi, haraka haraka, akivaa glavu. Mwisho akasema tukishamtoa mtoto tutafunga kabisa, mwulize kama anakubali.

Kufunga. Kiswahili kina neno hilo kwa mlango, kwa mzigo, kwa Ramadhani na kwa jela. Ilikuwa Kwaresma, na Anyesi mwenyewe alikuwa amefunga tangu asubuhi. Yeye alielewa ni kufunga kidonda. Akamwambia Devota kwa Kigogo: watakupasua, watamtoa mtoto, kisha watakushona vizuri, unakubali? Devota akasema ndiyo. Nani angekataa kushonwa? Kidole gumba kikagusa wino, kikagusa karatasi ya Kiingereza, na chini yake Anyesi akatia sahihi kama shahidi kwamba mgonjwa ameelewa. Mtoto alitoka mzima, akalia, na kila mtu akafurahi.

Ilipita miaka minne. Devota hakushika mimba tena. Sila, ambaye hupeleka karanga soko la Majengo na Kiswahili chake ni kizuri, alimleta kliniki ili wajue tatizo. Daktari kijana akafungua faili, akawaambia bila kupepesa macho kwamba mama huyu alifungwa kizazi kwa ridhaa yake mwenyewe. Sila hakuuliza la pili. Alipanda basi peke yake, akamwacha mkewe kwenye benchi.

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Ndugu zake Sila walijibu kwamba hilo si kosa, ni njama, mwanamke amekula kiapo na wazungu wa hospitali, ingawa mzungu hakuwapo hata mmoja. Ikaamuliwa arudishwe kwao. Devota aliapa kwamba hakuambiwa, na hakuna aliyemwamini, kwa sababu kidole kilikuwa chake. Mpaka Sila, ambaye moyoni hakuwa mtu mbaya, akaandika malalamiko hospitalini ili ajue ukweli kabla hajamfukuza mama wa watoto wake. Kamati ya hospitali ikaitisha kikao.

Habari ilimfikia Anyesi alipokuwa anasuuza dekio. Alipoonyeshwa ile fomu aliiona sahihi yake. Usiku na mchana aliirudia siku ile kichwani, akitafuta mahali alipolitaja neno kizazi, asipaone.

Sista Mwanahawa, mkuu wa wodi, Mrangi wa Kondoa mwenye roho safi, alimvuta pembeni. Alimkumbusha kwamba mwezi wa sita anastaafu, na kwamba sahihi ya shahidi ni mzigo wa shahidi. Akisema mgonjwa hakuelewa, wa kwanza kuandikiwa barua ya kujieleza ni yeye, si daktari. "Mama, wewe sema hukumbuki," alimwambia. "Wagonjwa ni wengi, nani atakulaumu?" Alimwambia kwa mapenzi, na ndiyo maana ilikuwa ngumu kumkatalia.

Siku ya kikao Devota alikaa upande mmoja wa meza, Sila upande mwingine, viti vitatu katikati yao. Sila alianza kwa kulalamika kwamba yeye mume hakuulizwa. Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba mwili ni wa mama, na sheria inamuuliza mama. Sila akainamisha kichwa. Kama ni hivyo, akasema, basi aliulizwa akakubali, mimi nimemaliza. Daktari Castory akasogeza fomu mbele. Hakuwa mtu mwovu daktari yule. Alitaka kuokoa maisha, na aliamini karatasi.

Wakamgeukia Anyesi. Alikuwa amefanya mazoezi ya kusema sikumbuki, na neno lilikuwa limekaa tayari mdomoni. Kisha akamwona Devota anakitazama kidole chake gumba, anakisugua kwenye khanga, kama bado kina wino.

"Nakumbuka," Anyesi alisema. "Daktari alisema kufunga, mimi nikasema kushona. Huyu mama hajawahi kuulizwa habari ya kizazi. Heri ningejikwaa dole kuliko ulimi." Akamgeukia Sila, akayarudia kwa Kigogo, yote, asije akasingizia lugha.

Sila alifuta uso kwa kiganja. Alinyanyuka, akapita viti viwili, akakaa cha tatu, karibu na mkewe. Anyesi aliona aibu na nafuu kwa pamoja, na alitaka kulia, lakini hakupewa nafasi, kwa sababu Devota alikuwa ameanza kumwongelesha. Uso wake ulikuwa umefunguka. Aliuliza kitu kimoja tu, na Anyesi akamtafsiria daktari neno kwa neno: kama walifunga, si wafungue?

Castory alivua miwani. Aliongea muda mrefu. Kwamba kufunga ni jina tu watu walilozoea. Kwamba mirija ile huwa inakatwa. Kwamba kuiunga ni kazi ngumu isiyo na hakika, na hata ikiungika, kizazi chake hakiwezi kubeba tena bila kumuua. Kwamba anaomba radhi. Alipomaliza alimtazama Anyesi, akingoja yale maneno mawili aliyoyazoea.

Anyesi alivuta pumzi, akayasema yote. Hakuacha hata moja. Alipofika kwenye kukata alimtazama Devota usoni. Anasema hawakufunga, mwanangu. Walikata.

Devota alisikiliza mpaka mwisho. Uso ulikuwa umejifunga tena. Akajibu polepole, akimtazama Anyesi na si daktari.

"Amesema nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Anasema," Anyesi alijibu, "siku ile ningeambiwa hivi, labda ningekubali. Nina mtoto, sikutaka kufa. Lakini ningekuwa nimekubali mimi."

Kisha akakumbuka kwamba kulikuwa na sentensi nyingine, fupi, aliyokuwa karibu kuiacha.

"Na anasema, mimi nilikuamini wewe, siyo daktari."