Siku Nilipomwita Baba Dereva

Siku ya kufunga shule muhula wa pili naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka nafunika uso hata nikiwa peke yangu chumbani. Wewe bado hujazaliwa. Mimi niko na miaka kumi na sita, na mwalimu akiniuliza swali sauti yangu inapotea. Lakini katika daftari hili hakuna anayenitazama, basi nakuandikia kana kwamba tayari nimezeeka.

Babu yako, yaani baba yangu, anabeba abiria kati ya Bwera na Kasese kwa gari lake kuukuu. Kufuli za milango yake zilipaswa kufunguka zote pamoja kwa ufunguo mmoja, lakini zilikuwa zimeharibika. Gari likiruka shimo, milango yote minne ilijifunga yenyewe, ta! Kufunguka, ilikataa. Ilibidi Baba afungue mlango wake, alale kifudifudi juu ya viti, anyooshe mkono kuvuta kijiti cha kufuli cha mlango wa nyuma, miguu ikining'inia nje.

Siku hiyo alikuja kunichukua shuleni Kasese. Nilikuwa nimesimama na godoro, sanduku, na rafiki yangu Mbambu. Baba akaanza kulala juu ya viti. Wasichana wakacheka.

"Huyo mzee anaogelea ndani ya gari?" Mbambu akauliza. "Ni nani yako?"

"Ni dereva tu."

Mwanangu, sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, tena kwa sauti nzuri ambayo darasani siipati. Baba alikuwa ameshatoka garini, vumbi magotini. Alinitazama mara moja. Kisha akachukua sanduku langu, akanifungulia mlango wa nyuma, akainama kidogo.

"Karibu, madam. Mizigo ni hii tu?"

Nikaketi nyuma kama tajiri.  Njiani aliwasha redio, akaizima.

Ilinichukua siku tatu kumwambia bibi, mama yake Baba, tukiwa tunachagua maharage. Nilifikiri atanipiga na ungo. Aliendelea tu kutoa mawe.

"Wewe uliogopa wasichana watakucheka," akasema. "Na yeye aliogopa nini mpaka akakuita madam?"

Nikauinamia ungo.

"Aliogopa wakucheke wewe. Sasa, mutoto, usilie juu ya maharage yangu. Baba yako iko kule nyuma na ile gari. Enda."

Baba alikuwa amekaa chini karibu na mlango wa dereva. Fundi mmoja alikuwa amemshauri aangalie ndani ya bomba la mpira linalopitisha nyaya kutoka kwenye bodi ya gari hadi mlangoni. Betri alikuwa ameshaifungua na mpira ameuvuta upande mmoja, lakini vidole vyake ni vinene.

"Mukono yangu haiingii," akasema bila kugeuka. "Yako ni kadogo. Jaribu."

Niliingiza vidole. Waya mmoja, wa kijani, ulikuwa umekatika kabisa. Kila mara mlango ulipofunguliwa, waya huo ulikuwa ukikunjika palepale. Baba alimenya ncha zake, akaunga kipande kipya katikati, akakiacha kirefu kidogo ili mlango ukifunguka usikivute. Mimi nilikuwa nimeshika mpira, kichwa changu kimefichwa nyuma ya mlango. Hapo, nikiwa siuoni uso wake, nikasema:

"Baba, ile siku nilikuonea haya. Nisamehe."

 Nikasikia anapuliza risasi aliyoyeyusha kuunga waya, ipoe.

"Hata mimi ningejionea haya," akasema. "Mutu muzima kuogelea!" Akacheka, kisha akaacha. "Lakini iliniuma. Nilifika nyumbani, chakula ikakataa kupita."

Machozi yakanitoka.

"Rudisha mpira," akasema. "Polepole, tusikate tena."

Alifunga betri, akazungusha ufunguo. Milango yote minne ikafunguka. Akaifunga na kuifungua labda mara kumi, kama mtoto aliyenunuliwa filimbi.

Shule ilipofunguliwa Baba alinipeleka, nami nikamwita Mbambu pale getini. 

"Huyu ni baba yangu," nikasema. "Nilikudanganya."

Mbambu akapiga magoti kumsalimu, kama tunavyosalimu wazee, na Baba akamuuliza habari za kwao. Mimi, Mbambu alininunia siku mbili, kwa kuwa nilimwacha amcheke mzee wangu. Alikuwa na haki.

Basi, mwanangu, ukimwonea haya mtu anayekupenda, usijidanganye kwamba hakusikia. Alisikia. Mwendee mapema, usingoje siku tatu kama mimi. Kama huwezi kumtazama usoni, tafuta kazi mfanye pamoja, useme mikono ikiwa na shughuli. Na mimi nikikuaibisha mbele ya wenzako, maana nitakuaibisha tu, njoo uniambie, nitakusikiliza.

Mungu akukuze salama. Akupe ulimi mpole kuliko wangu, na akupe baba kama huyu aliyenipa mimi.