Mikono ya Mama Kwenye Shuka

Jumamosi, tarehe kumi na nne. Ukungu ulichelewa kuondoka leo hapa Kibondo. Mpaka saa nne asubuhi vilima vya ng'ambo vilikuwa havionekani, kisha likatoka jua kali la kuanikia, nikatandaza turubai uani na kumwaga maharage.

Baadaye kidogo, nikiwa jikoni, niliisikia sauti ya ungo. Shaa, shaa, shaa, halafu kimya kifupi, halafu tik, kidole gumba kikigonga ukingo. Alikuwa mama. Amekuja kwangu kutoka Makere tangu wiki iliyopita, na tumemkataza kufanya kazi, lakini ungo akiuona hawezi kuuacha umelala. Sauti ile ilinisimamisha na mwiko mkononi, nikawa tena mtoto wa darasa la nne.

Sebuleni mwanangu Neema alikuwa anatazama filamu. Nilichungulia. Mle kwenye runinga naye mwanamke alikuwa anapepeta, ana kucha ndefu nyekundu, anaurusha ungo kama anayefukuza kuku, na nafaka yote inamwagika chini huku muziki wa huzuni ukipigwa.

"Huyo hajui kupepeta," nikasema.

"Mama naye! Si filamu tu."

"Filamu ndiyo amwage chakula?"

"Anamwaga kwa huzuni. Mume kamwacha."

Nilicheka, maana jibu lake lilikuwa zuri, na huenda yeye ndiye yuko sawa. Mimi si mjuzi wa filamu. Niliishia darasa la saba, natazama kile watoto wanachoweka, na mara nyingi nasinzia kabla ya mwisho. Kwa hiyo haya ninayoandika yapokeeni kama maneno ya mtu aliyekaa nyuma kabisa ya chumba.

Filamu za zamani, zile tulizoziona kwenye banda la video kule Kasulu, zilikuwa ndefu na hazikuwa na haraka. Mtu alilia mpaka akamaliza. Mtu mmoja alipiga watu ishirini na shati likabaki limechomekewa, na sisi tuliamini. Lakini sitaki kuzisifu kupita kiasi. Jenereta lilikuwa linanguruma, tulikosa nusu ya maneno, na yule mtafsiri wa Kiswahili alikuwa akisema mengi kuliko waigizaji wenyewe. Za siku hizi zinasikika vizuri. Picha zinapigwa kutoka angani, unaona mji mzima kama umemwagwa kwenye sinia. Wanawake wa humo nao wana kazi zao, hawakai tu kibarazani wakisubiri kuachwa. Hayo ni mema na nayasema. Ila mwanakijiji wa filamu za sasa amevaa shati lililopigwa pasi na ana jembe ambalo halijawahi kuona udongo.

Mimi huwa siangalii nyuso. Naangalia mikono, na naangalia wale wanaopita nyuma ya steringi, yule mwigizaji mkuu, na kuni zao kichwani. Neema anasema ndiyo maana sielewi hadithi. Labda. Lakini nina sababu, na sijawahi kuiandika mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Kijijini kwetu Makere walifika watu wa mradi mmoja wa kilimo, wana gari na kamera, wanataka kutengeneza sinema fupi ya kufundisha namna ya kutunza maharage yasibunguliwe. Walikaa siku mbili, wakawapiga picha akina mama wakipura, wakipepeta, wakijaza magunia. Mimi nilikuwa shule. Niliporudi nilimkuta mama anachambua mboga kama siku nyingine yoyote.

"Mama, na wewe walikupiga?"

"Walinipiga."

"Umo kwenye sinema?"

"Wakiileta tutaiona."

Basi. Hayo ndiyo maneno yote aliyosema, na kwa haki yake nasema wazi kwamba hakujisifu hata chembe. Aliyejisifu ni mimi. Nilitangaza kisimani, nikatangaza darasani, nikatangaza shule ya Jumapili kabla ya sala ya kufungua. Nilisema mama yangu ndiye steringi. Mtoto mmoja aliniuliza kama mama atapigana, nikamjibu kwamba hiyo sehemu bado hawajaamua.

Sasa mjue jambo moja. Mama hakuzaliwa Makere. Aliolewa pale kutoka Mabamba, mpakani kabisa, na ingawa Kiha ni kile kile, wenyeji walikuwa wakimwambia kwa utani kwamba hata ungo anaupepeta kimpakani. Wanawake wa kwetu walirusha nafaka juu na kupuliza makapi kwa mdomo. Mama hakupuliza. Aliuzungusha ungo polepole, shaa, shaa, mpaka vijiwe vyote vikajikusanya upande mmoja, kisha akagonga ukingo kwa kidole gumba, tik, vikaruka nje. Bibi yake ndiye aliyemfundisha. "Anacheza, hapepeti," walisema, na mama alicheka pamoja nao. Mimi kile kicheko chake sikukipenda, ila sikujua kwa nini.

Aliyetania kuliko wote alikuwa jirani yetu, Mama Yoramu, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu kutoka bonde la pili. Naye alikuwa amepigwa picha, amekaa juu ya gunia. Siku moja alinisimamisha njiani.

"Edina, nasikia mama yako ndiye steringi."

"Ndiye."

"Haya. Tutaona. Asipotokea, mtatuambia vizuri kwamba mlilala mkaota. Na wewe nitakupa jina, utaolewa nalo."

Nilimjibu kwa kiburi, lakini usingizi ulipungua. Kama mama hayumo, sitakuwa mimi tu niliyedanganya. Watasema yule mwanamke wa mpakani amejitia mambo makubwa, na mtoto wake kamsaidia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemweka pale, kwa mdomo wangu.

Sinema ililetwa Jumamosi mchana. Asubuhi ile nilimkazania mama avae kitenge chake cha harusi na kilemba, akavaa, huku anatabasamu. Kisha akachukua kopo la mafuta ya kujipaka. Usoni hakugusa. Alijipaka mikononi, kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye maungio, muda mrefu sana. Nilimwambia tutachelewa. Akasema, "Ngoja kwanza."

Walitumia darasa letu. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi na mikeka, shuka jeupe likatundikwa juu ya ubao, na kijana wa mradi akaweka mashine yake juu ya meza ya mwalimu, jenereta nje. Tulijaa mpaka hewa ikawa nzito, jasho na moshi wa kuni uliokaa kwenye nguo. Mimi na mama tulikaa mbele, chini, karibu na shuka. Mimi ndiye niliyechagua mahali hapo, ili watu wamwone mama wa kwenye picha na mama wa kweli kwa mpigo mmoja.

Picha ikatokea. Huyo Mama Yoramu, juu ya gunia lake, anacheka, mkubwa kama nyumba.

"Yamawe!" akapiga kelele mwenyewe kutoka nyuma. "Na pengo langu lote wamelichukua!"

Watu walipiga makofi. Akatokea tena. Akatokea mwenyekiti wa kijiji akinyoosha kidole kwenye ghala. Wakatokea mbuzi wa jirani, ambao hata hawakualikwa. Kisha ikaja mikono miwili inazungusha ungo, mikono tu, inajaza shuka zima, na mara ikapita, wakaanza kuonyesha madebe na mifuniko. Halafu muziki. Halafu shuka likawa jeupe.

Uso wa mama haukutokea.

Kisha Mama Yoramu akasema, kwa sauti ile ile ya bonde la pili, "Jamani! Steringi kafa kabla sinema haijaanza!"

Darasa lilicheka mpaka madawati yakagongana. Sitamlaumu; lilikuwa neno la kuchekesha, na kama lingemhusu mtu mwingine ningecheka mimi wa kwanza. Nilimgeukia mama. Alikuwa ametulia, mikono imelala mapajani, inang'aa kwa mafuta. Na nilipoitazama ndipo nikajua nimeona nini.

Nilisimama. Sikumbuki kama nilipanda juu ya dawati au ni watu walivyosimulia baadaye, ila najua nilipiga kelele. "Ile mikono ni ya mama! Ile ya ungo! Ilizungusha, haikurusha!"

"Mikono yote ni mikono," mtu akasema.

"Haikurusha!" nikarudia, na sasa nalia.

"Haya," akasema Mama Yoramu. "Kama ni yake aje apepete hapa hapa tuone. Leteni ungo!" Alisema kwa dhihaka, nadhani. Lakini ungo ulipatikana nyumba ya mwalimu, pamoja na maharage ya mwalimu yenye vijiwe vyake, na kijana wa mradi, ambaye alikuwa ameanza kufunga waya, akakubali kuirudisha picha nyuma. Ilichukua muda. Ilipita ile ya mbuzi mara mbili.

Mama hakuvutwa. Aliinuka mwenyewe, akachukua ungo, akasimama mbele ya shuka. Picha ikaja. Mikono mikubwa ikaanza kuzungusha, shaa, shaa, shaa, na mbele yake mikono midogo ikazungusha vile vile, ikakawia pale pale, ikainama upande ule ule. Hakuna aliyecheka. Tik, kidole kikubwa kwenye shuka. Tik, kidole cha mama, na kijiwe kikaruka kikagonga sakafu, darasa zima likakisikia.

Kwa kuwa alisimama mbele ya mwanga, kivuli chake kiliangukia shuka. Kichwa chenye kilemba kilikaa juu ya ile mikono, mahali hasa ambapo uso ungekuwa. Mama alikuwa amegeukia kwetu, hakukiona. Sisi tulikiona.

"Ni yeye," alisema Mama Yoramu. Alikuwa wa kwanza kusema, na hilo naliandika kwa herufi nzito ili wajukuu zake waje walisome. Kisha akaja mbele, akauchungulia ungo wa mama, akachota maharage kiganjani akiyatafuta mawe. Hakupata hata moja. "Mama Edina," akasema, "hebu nionyeshe tena hapo unapoinamisha."

Tulirudi nyumbani nimemshika mkono, na nilitembea katikati ya njia kama gari. Nilidhani ushindi ni wangu. Miaka mingi niliisimulia hivyo: jinsi mimi, Edina, nilivyoitambua mikono.

Ni baada ya kuzaa ndipo nilipoanza kuyafikiria yale mafuta. Neema alikuwa mdogo, alikuja kuniambia kwamba amewatangazia wenzake mimi ndiye mwimbaji mkuu wa kwaya, na mimi nasimama mstari wa tatu. Nilifungua mdomo kumsahihisha, nikaona uso wake, nikaufunga. Siku ile nilisimama jikoni nikajiuliza: mtu anayetegemea uso wake kuonekana, mbona apake mikono?

Leo, maharage yakiwa juani na Neema akiwa bado na yule mwanamke wake aliyeachwa, nilikaa chini karibu na kigoda cha mama, nikamuuliza.

"Mama, ile sinema ya Makere. Ulijua wamechukua mikono tu?"

Aliendelea kuzungusha. "Nilijua. Yule kijana aliniambia nitazame chini, uso hauhitajiki. Hakusema vibaya. Alikuwa ametazama ungo wa kila mtu, akachagua wangu."

"Na ukaniacha nitangaze kijiji kizima?"

"Wiki ile ulikuwa unatembea umenyoosha shingo," akasema. "Nani angekuinamisha?"

Alikuja darasani akijua atachekwa, akavaa kilemba nilichomchagulia, akakaa mbele nilipotaka akae. Na kile kicheko cha siku zote, nilichodhani ni cha mtu asiyejua kujitetea, kilikuwa cha mtu anayejua kazi yake na hana haraka. Inawezekana nakosea. Mama hapendi kusemewa. Lakini nimeandika kama nilivyoelewa, na nikiri kwamba mpaka sasa sijaona filamu, ya zamani wala mpya, yenye mikono kama ile.

Neema alikuja na simu, akataka kumpiga video bibi yake. "Bibi, tazama huku, tabasamu!"

"Uso wangu unauonaga kila siku," mama akamwambia. "Shusha simu. Piga huku chini."

Akashusha. Alipiga muda mrefu, na ile filamu ya sebuleni ikaisha bila mtu wa kuitazama.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na yale maharage, nimeyaunga kwa mawese na kitunguu. Nyumba nzima tulikuwa watano. Hakuna aliyeuma jiwe.