Nywele za Magdalena

Mama yangu mkubwa, Purificación, ambaye mji mzima ulimwita Puring, alimwonea wivu mdogo wake kwa miaka thelathini na tisa. Mdogo huyo, Leonisa, Ising kwa kifupi, ndiye aliyenizaa mimi. Chanzo kilikuwa nywele.

Lumbangan ni mji wa Mtakatifu Maria Magdalena tangu enzi za mababu wa babu zetu. Mwaka wa kipindupindu waliizungusha sanamu yake kila kichochoro, na wazee walisema maiti wa mwisho alizikwa kesho yake. Wakati wa vita kanisa lilipochomwa, mzee wa sakristia aliitoa sanamu akiibeba mgongoni huku nywele zikiwaka. Sanamu ilipona, lakini kichwa kikabaki upara. Na Magdalena bila nywele ni Magdalena gani, naye ndizo alizofutia miguu ya Bwana?

Vita vilipokwisha, Doña Engracia, ambaye ukoo wake ulitunza mavazi ya sanamu, alipita nyumba kwa nyumba akitafuta nywele za msichana. Puring alikuwa na miaka kumi na tisa, nywele zikimfika magotini. Hakuwahi kuzikata. Tangu kanisa liungue alikuwa akisema waziwazi kwamba anamtunzia Magdalena. Mama alikuwa na kumi na sita, zake zikiishia kiunoni, na alikuwa hajamtunzia mtu. Doña Engracia alizishika zote, akazipapasa kama anayenunua kitambaa.

"Hizi za mdogo ni laini," akasema. "Zako, mwanangu, nzito mno. Zitamwelemea Mtakatifu."

Puring akatabasamu. Akaenda uani kulisha nguruwe, hakurudi mpaka mkasi uliponyamaza.

Tangu hapo kila Julai, maandamano ya sanamu yakipita kwenye mvua, watu walinong'onezana: nywele zile za Ising. Mama alipoolewa, walisema mwanamume amempata aliyemsitiri Mtakatifu. Nilipozaliwa mzima baada ya siku mbili za uchungu, wakasema nywele zimelipa. Puring hakuolewa. Wageni wakimuuliza alisema hajampata wa kumfaa, nyumbani alisema, "Bahati ya ukoo huu wote ilimiminwa kwenye kichwa kimoja."

Baadaye Doña Engracia alimwomba awe mchanaji wa sanamu, maana hakuna aliyejua nywele kama yeye. Alikubali upesi mno. Kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu, alijifungia katika chumba cha mavazi akazichana nywele za mdogo wake, na kila mwaka akang'oa kidogo. Si nyingi, za kuzungushia kidole tu. Akirudi nyumbani alizitupa mtoni.

Miaka ikapita, nywele zikapungua, na watu wakaona. Hakuna aliyemshuku. Walisema Magdalena anawagawia wagonjwa. Mwanamke mmoja wa sokoni aliapa kwamba aliokota unywele kwenye mto wa kulalia wa mwanawe usiku homa ilipokatika. Basi ikawa ibada mpya. Walikuja watu wa miji mingine, na wakishamaliza kanisani waliuliza nyumba ya Leonisa, wamguse kichwa. Kila alichong'oa Puring kilimzidishia mdogo wake heshima, naye aliyaona hayo akiwa dirishani kwake, ng'ambo ya barabara.

Mwaka wa thelathini na tisa akashindwa kuvumilia. Walikuwa jikoni kwetu wakifunga wali wa nazi kwenye majani ya migomba, mimi nikichochea moto.

"Ising, nywele zako zile nazinyonyoa mimi."

"Najua."

"Unajua nini wewe?"

"Dada, Mtakatifu gani ananyonyoka kisogoni tu, pale anaposimama mchanaji?"

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka ziishe." Mama aliweka jani chini. "Zamani Mama alikaa nyuma yetu jioni, akituchana sote wawili. Nilipokatwa, akabaki na wewe. Zangu zilipoota akaniona nimeshakuwa mkubwa, nijichane. Nikawa nalala nasikia kitana kinapita kichwani kwako, naomba uamke na upara."

"Kwa hiyo ulinionea wivu. Mimi."

"Mpaka leo. Hebu litazame hilo shungi lako."

"Mpaka leo?" akauliza tena, polepole, kama mtu aliyeletewa chakula alichokingojea tangu asubuhi. Nilidhani watalia. Badala yake Puring alivuta sufuria kwake, akafunga wali wote uliobaki huku akiimba puani.

Mwaka uliofuata kasisi aliagiza wigi jipya, la nywele za Teodora, binti mmoja wa ng'ambo ya mto. Maandamano yalipopita, mama zangu wawili walisimama dirishani bega kwa bega.

"Nyembamba," alisema Puring.

"Na ncha zimepasuka. Wamezipaka mafuta kuficha."

"Mafuta gani hayo? Yananukia kama ya kukaangia samaki."

Wageni watatu walisimama chini ya dirisha letu wakiuliza njia ya kwenda kwa Teodora. Mama aliwaelekeza kwa kidevu, kisha akafunga dirisha.