Walijuaje Kuhusu Mlango wa Nyuma ya Kabati?

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo, habari za kazi. Naomba ulifiche kabisa jina langu, kwa sababu mume wangu naye anaufuatilia ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, naishi Katandala hapa Sumbawanga. Nina watoto wawili, binti wa miaka kumi na tano na mdogo wake aliye darasa la pili. Miaka yote nimepika pombe ya ulezi na kuiuzia uani, na ndiyo iliyotulisha hata pale biashara ya mahindi ya mume wangu ilipoyumba.

Mwaka huu nikasema basi, nami nitoke moshini, nifungue grosari ya bia yenye leseni ya vileo. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni fundi ujenzi. Akatujengea chumba kilichoshikana na nyumba, na kwa ujanja wetu tukatoboa mlango kwenda chumba wanacholala watoto, ili kreti ziingie ndani bila kuzunguka uani. Tulijua bwana afya hataki sehemu ya kuuzia pombe iungane na chumba cha kulala. Kwa hiyo mlango ulipokwisha kufungwa tu, tukausogezea kabati kubwa upande wa grosari. Bwana afya alikuja na mtendaji wa kata, wakakagua choo, wakasifia rangi ya ukuta, wakanywa chai yangu wakaondoka. Nikajua nimepita.

Kamati ya kata ilipokaa kujadili maombi ya leseni, niliitwa. Diwani akaniuliza mbele ya watu, "Mama, nyuma ya kabati lako kuna nini?"

Nikaanza kutaja kreti na chupa tupu. Mtendaji akanisaidia kwa ubaya: "Kuna mlango unaotokea wanakolala watoto. Kauzibe kwa tofali, ndipo ulete ombi upya." Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Njia nzima najiuliza, walijuaje? Mlango ule hakuna jirani aliyewahi kuuona. Waliujua mume wangu, shemeji aliyeujenga, na wifi yangu, dada yao mkubwa, niliyekuwa naishi naye. Watoto sikuwahesabu. Shaka yangu ikamwangukia wifi. Yeye ndiye aliyekuwa akinisaidia kuotesha kimea na kupika, na grosari ikifunguliwa pombe ya ulezi ingekufa, naye riziki yake imekwisha. Nikaanza kumchunguza. Akiongea na simu najisogeza. Akicheka na mtu njiani nasema ananicheka mimi. Jamani, kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa analala chumba kimoja na wanangu.

Siku moja uvumilivu ukaniisha. "Wifi, umeniuza."

"Nimekuuza kwa nani? Mlango wenu sijautaja popote."

"Kwa hiyo ulitembea wenyewe hadi ofisi ya kata?"

Aliniangalia sana. Akafunga mzigo wake akaenda kwa ndugu zake wengine kule Pito. Mume wangu hakumtetea, shemeji hakumtetea, wote ndugu zake wa tumbo moja. Wakati ule nilifurahi, nikaona wako upande wangu.

Juzi nilikuwa napeta ulezi na binti yangu. Akaanza kulia hovyo. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Mama, shangazi umemwonea. Ni mimi nilimfuata mtendaji njiani nikamwambia kuna mlango."

Ungo ulinitoka mikononi. Nikamfokea, kwa nini unaiharibia familia yako? Akasema, "Kwa sababu kuna mtu huwa analisogeza kabati usiku, halafu anausukuma mlango. Mimi na shangazi tuliuegemezea masanduku. Shangazi akikohoa, anaacha."

"Nani?"

"Sijui, mama. Huwa haongei."

Nilimuuliza mara mbili kama huyo mtu amewahi kuingia. Akaapa kwamba hajaingia. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia, akasema shangazi alimwambia anyamaze, atalimaliza mwenyewe. Ndugu zangu, mgeni hawezi kujua kuna mlango pale. Na funguo za grosari ziko mbili tu. Moja anayo mume wangu, nyingine shemeji, kwa sababu hajamaliza kupiga shelfu.

Nilimpigia wifi nikamwomba msamaha. Alinisamehe. Nilimuuliza ni yupi. Akasema, "Wifi, mlinde mtoto. Wale wote wamenyonya ziwa nililonyonya mimi, usinilazimishe." Sijui kama anajua au naye anahisi tu kama mimi.

Sasa nalala na binti yangu. Mume wangu nimemdanganya kuwa mtoto anaumwa. Akauliza anaumwa nini. Baadaye akarudi kuuliza tena. Ni baba mwenye uchungu na mwanawe, au ni mtu anayepima ninajua kiasi gani? Shemeji naye amekuja leo, na isivyo kawaida yake, pombe niliyomwekea hakuimaliza. Namwogopa. Halafu namtazama mume wangu, namwogopa yeye zaidi, na bado ni mume wangu, nampenda.

Nikisema, na nikawa nimemsingizia asiye na kosa, nitakuwa nimemfanyia nilivyomfanyia wifi. Nikinyamaza, nimemuuza mwanangu. Leseni siitaki tena, lakini hao wawili wameshapanga kuomba upya. Keshokutwa wanaziba ule mlango, shemeji anajenga na mume wangu anampokeza tofali, na mimi nimeambiwa niwapikie wote wawili. Nimewaza nimechoka, wenzangu. Mngekuwa mimi, mngeanzia wapi?